JULIUS SANG: MKENYA ALIYEKUWA PICHANI

Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, wengi walidhani nitamwandika Koitalel arap Samoei au Dedan Kimathi, maana hao ndio wanaoandikwa kila mwaka. La, hasha. Nimemchagua mkimbiaji. Wazee wanamjua sana, lakini nilipolitaja jina lake darasani nusu ya wenzangu walinitazama kama mtu anayezungumza Kichina, ingawa kwao ni Kapsabet, mwendo wa saa chache tu kwa matatu kutoka hapa Nakuru. Jina lake ni Julius Sang.

Nitasema ukweli: mimi sikumtafuta Sang. Yeye ndiye aliyenijia, na alikuja kwa njia ya ugomvi.

Ilikuwa Jumatatu, muhula wa kwanza. Tulikuwa gwarideni, bendera inapanda, wimbo wa taifa unaimbwa. Mwenzetu mmoja alikuwa ametia mikono mifukoni. Yeye asema kulikuwa na baridi (na nyinyi mnaijua baridi ya asubuhi inayoshuka kutoka Menengai). Mwalimu wa zamu hakutaka kusikia habari za baridi. Jamaa alipewa fyekeo akafyeka nyasi nyuma ya vyoo siku mbili. Basi darasa likagawanyika. Wengine wakasema amestahili, kwani wimbo wa taifa si wimbo wa disko. Wengine wakasema heshima ni ya moyoni, haikai mifukoni. Kelele zilikuwa nyingi hata mwalimu wa Historia akaingia bila sisi kujua. Hakutupiga wala hakutukaripia. Kesho yake alikuja na kitabu kikuukuu chenye picha moja, akakizungusha darasani dawati kwa dawati.

Katika picha hiyo, watu watatu wako kwenye jukwaa la washindi. Wawili wamepanda ngazi moja, ile ya juu kabisa, jambo ambalo si la kawaida, kwa sababu ngazi ya juu ni ya mtu mmoja. Wamesimama ovyo ovyo, kama watu wanaongoja basi. Hao ni Wamarekani, Vincent Matthews na Wayne Collett. Wa tatu yuko kwenye ngazi yake ya chini. Mwalimu alituuliza huyo ni nani, na hakuna aliyejua. Kumbe ni Mkenya mwenzetu. Ni Mnandi. Ni Julius Sang, siku ya tarehe 7 Septemba 1972, mjini Munich, Ujerumani Magharibi.

Toka siku hiyo sikupata raha mpaka nilipomfahamu.

Julius Sang alizaliwa Kapsabet mwaka wa 1948, wakati nchi yetu ingali mikononi mwa Waingereza. Kwa hiyo bendera aliyoiona akiwa mtoto haikuwa yetu, na wimbo uliopigwa kwenye sherehe za serikali ulikuwa wa kumwombea Malkia au Mfalme wa Uingereza. Uhuru ulipokuja Desemba 1963 alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, karibu umri wangu mimi ninayeandika haya. Ndipo Kenya ikapata wimbo wake yenyewe, ambao sauti yake ilitolewa katika wimbo wa akina mama wa Kipokomo wa kubembelezea watoto, kule Mto Tana. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tuna haki ya kuringa hapo, kwa maana wimbo huo una maneno ya Kiswahili. Nimeanza na habari hii kwa sababu maisha ya Sang yanaingiliana sana na nyimbo za mataifa, kama mtakavyoona.

Ukisema Mnandi mkimbiaji, kila mtu hufikiria mbio ndefu. Kipchoge Keino, ambaye naye ni Mnandi, ndiye aliyetuzoeza hivyo. Lakini Sang alichagua mita 400, mzunguko mmoja wa uwanja. Msidhani ni mbio rahisi. Nenda pale Afraha ujaribu mwenyewe. Mita 200 za kwanza utajiona wewe ndiwe simba. Ukifika mita 300 miguu inakuwa mizito kama magogo, kifua kinawaka moto, na mstari wa mwisho unaonekana kana kwamba kuna mtu anausogeza mbali. Ni mbio za mtu mwenye kasi ambaye pia amekubali kuumia.

Mwaka wa 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Scotland, Sang alikuwa katika kikosi cha Kenya cha mbio za mita 400 mara nne za kupokezana vijiti. Wenzake walikuwa Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Charles Asati. (Ouko huyu ni mwanariadha, msimchanganye na yule waziri.) Walishinda nishani ya dhahabu. Yakumbukeni majina hayo manne, tutayarudia.

Baadaye Sang na Ouko walikwenda kusoma Marekani, katika chuo kikuu cha North Carolina Central, mjini Durham. Chuo hicho kilianzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi wakati ambapo vyuo vya Wazungu vya kusini mwa nchi hiyo viliwafungia mlango. Mkufunzi wa riadha pale alikuwa LeRoy Walker, Mmarekani Mweusi ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa rais wa Kamati ya Olimpiki ya Marekani. Mnaona basi? Kijana wa Kapsabet hakuwajua Wamarekani Weusi kwa kusoma magazeti. Alikula nao, alisoma nao, alifanya mazoezi nao. Sitasema aliwaza nini, kwa kuwa mimi si mganga wa kupiga ramli. Nasema tu kwamba siku ile alipopanda jukwaa pamoja na Matthews na Collett, hakuwa mgeni wa shida zao.

Sasa tuingie Munich. Olimpiki ya mwaka wa 1972 ilianza kwa mzozo hata kabla ya mtu kukimbia. Nchi ya Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, ilikuwa ikitawaliwa na Wazungu wachache chini ya Ian Smith, na ilikuwa imealikwa. Nchi nyingi za Kiafrika, Kenya ikiwemo, zilisema Rhodesia ikicheza, wao wanafunga virago. Baadhi ya wanariadha Weusi wa Marekani waliwaunga mkono. Siku nne kabla ya ufunguzi, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipiga kura, na Rhodesia ikatolewa kwa kura 36 dhidi ya 31. Rais wa kamati hiyo, mzee Avery Brundage wa Marekani, hakufurahi hata kidogo. Kwake yeye michezo na siasa ni paka na panya.

Kisha tarehe 5 Septemba likatokea jambo baya zaidi. Wanamgambo wa Kipalestina waliingia katika kijiji cha wanamichezo wakateka Waisraeli. Waisraeli kumi na mmoja walikufa. Kesho yake kukawa na ibada ya maombolezo uwanjani, na Brundage akaamua michezo iendelee.

Kwa hiyo fainali ya mita 400 ilikimbiwa siku moja tu baada ya maombolezo hayo. Wamarekani walikuwa watatu, na wengi walitarajia wachukue nishani zote tatu. Lakini John Smith alishikwa na msuli mapema akatoka. Matthews alimaliza wa kwanza kwa sekunde 44.66, Collett wa pili kwa 44.80, na Sang wa tatu kwa 44.92. Hakuna Mkenya kabla yake aliyekuwa amepata nishani ya Olimpiki katika mita 400. Na tangu hapo amepata mmoja tu mwingine, marehemu Samson Kitur, mwaka wa 1992 kule Barcelona, naye pia shaba. Fikirieni hilo. Kenya hii yenye wakimbiaji kama mchanga!

Ndipo wakapanda jukwaani kupokea nishani. Wimbo wa Marekani ulipoanza, Matthews alimvuta Collett kwenye ngazi yake ya juu. Collett alikuwa hana viatu, koti lake la mazoezi likiwa wazi. Matthews alijishika kiuno, akawa anachezea kidevu. Hawakuitazama bendera, bali waliongea wao kwa wao. Wimbo ulipokwisha na walipokuwa wakishuka, Matthews aliizungusha nishani yake kidoleni kama mtu anayezungusha funguo.

Uwanja ulilipuka. Watazamaji walizomea na kupiga miluzi, na kelele hizo ziliwafuata mpaka mlangoni. Collett alipokuwa akitoka aliinua ngumi. Na kati ya hayo yote, Mkenya wetu naye yuko pale pale, nishani yake ya kwanza ya Olimpiki ingali ya moto shingoni. Hebu jiwekeni mahali pake. Umetoka Kapsabet, umekimbia mbio za maisha yako, na maelfu ya watu wanazomea jukwaa ulilosimama wewe. Hawakuzomei wewe, lakini kelele hazina anwani.

Mimi hapa ndipo ninapokwama kila ninapoitazama picha ile. Watazamaji wale walikosea? Wengi wao walikuwa wametoka kuomboleza jana yake, wakaona watu wawili wanafanya mzaha wakati wa wimbo. Ukiwa hujui lolote, utakasirika pia. Lakini waliozomea hawakuuliza kwanza. Collett alieleza baadaye kwamba dhamiri yake haikumruhusu kusimama wima kwa ajili ya maneno ambayo hakuamini yanatimizwa kwa watu wake. Matthews yeye alikana kwamba walipanga kitu. Kwa maneno yake, kama angetaka kufanya maandamano angeyafanya vizuri zaidi ya vile! Wenzangu darasani walicheka sana hapo, hasa yule wa mikono mifukoni.

Brundage hakucheka. Aliwapiga marufuku wote wawili wasishiriki Olimpiki tena maisha yao yote. Sang hakuguswa, kwani hakuwa na kosa.

Msidhani hayo yalikuwa mapya. Miaka minne nyuma, tarehe 16 Oktoba 1968 mjini Mexico, Tommie Smith na John Carlos waliinua ngumi zilizovaa glavu nyeusi wakati wa wimbo huo huo, wakazomewa, kisha wakafukuzwa kutoka kikosini. Kati ya kizazi kile watu wengi waliwaita wasaliti. Mwaka wa 2005 chuo chao, San José State, kiliwajengea sanamu. Na siku chache tu baada ya ngumi zile, Wakenya walikuwa jukwaani Mexico pamoja na Wamarekani: Daniel Rudisha (babake David Rudisha), Nyamau, Naftali Bon na Asati walipata fedha katika mbio za kupokezana vijiti, nyuma ya kikosi cha Marekani ambacho Matthews alikuwemo. Kwa hiyo Wakenya na Matthews walikuwa wamekwisha kusimama jukwaa moja kabla ya Munich.

Haya, turudi Munich, kwenye dhahabu. Marekani ilipoteza Matthews na Collett kwa marufuku, na Smith kwa maumivu. Haikubaki na watu wanne wa kukimbia kupokezana vijiti. Lee Evans, bingwa wa Mexico, alikuwa pale mzima lakini hakuwa na wenzake. Tarehe 10 Septemba mbio zikakimbiwa bila Marekani. Kenya ikawapanga wale wale wa Edinburgh: Asati akaanza, akampa Nyamau, Nyamau akampa Ouko, na Ouko akamkabidhi kijiti Julius Sang.

Babu yangu, aliyekuwa akifanya kazi katika shamba la ngano kule Njoro, huisimulia mbio hiyo kana kwamba alikuwa uwanjani, kumbe aliisikia kwenye redio ya Sauti ya Kenya, watu wazima kumi wamezunguka redio moja ya betri. Aliyetangulia katika mzunguko wa mwisho alikuwa Karl Honz, Mjerumani, mbele ya watu wake. Uwanja mzima unamshangilia. Honz alitoka kwa kasi kama aliyeona nyoka, akafungua nafasi kubwa. Sang hakumkimbilia kwa papara. Alingoja. Walipoingia kwenye mita za mwisho, ile kasi ya Honz ikamdai madeni yake. Miguu ikakataa. Sang akampita, na wakaja wengine wakampita Honz pia, masikini, akamaliza wa nne nyumbani kwake. Kenya dakika 2 na sekunde 59.83, Uingereza ya pili, Ufaransa ya tatu. Mzunguko wa Sang peke yake inakadiriwa alikimbia chini ya sekunde 44.

Ikawa zamu ya wimbo wetu kupigwa, ule wa mama wa Kipokomo. Mpaka leo hiyo ndiyo dhahabu ya pekee ya Kenya katika mbio za kupokezana vijiti za Olimpiki. Mwaka huo tulirudi na nishani tisa, na dhahabu zilikuwa mbili tu: ya Keino ya kuruka viunzi na maji, na hii ya akina Sang.

Hapo darasani paliwaka tena. Mmoja akasema dhahabu yetu ni ya kuokota, kwamba tulishinda kwa kuwa wenye mbio walifungiwa nje. Babu naye nilipomwuliza alikasirika, akasema Wamarekani waliogopa. Babu hakujua habari za jukwaani, redio yao haikuwaeleza, au pengine walielezwa wakasahau kwa furaha. Nikawa ndiye wa kumweleza, naye akanyamaza kwa muda mrefu akichochea moto.

Maoni yangu ni haya. Kama Marekani ingekuwepo na watu wake wote, wengi wangewapa wao dhahabu, na sitaficha hilo. Lakini kikosi kilichopata fedha Mexico na dhahabu Edinburgh hakiokoti. Na Honz hakufungiwa nje na mtu yeyote. Alikuwa mbele, na Sang alimfuata akamkamata. Linaloniuma si kwamba dhahabu ni ya bahati. Linaloniuma ni kwamba njia yetu ilifunguliwa na adhabu ya watu wawili waliodai haki, na sisi tunaisherehekea bila kuwataja. Hata kwenye vitabu vya shule tunaambiwa Kenya ilishinda, basi, nukta.

Mambo haya hayakwisha na akina Matthews. Mwaka wa 2016, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani, Colin Kaepernick, alipiga goti wakati wa wimbo wa taifa kupinga jinsi polisi walivyowatendea watu Weusi. Mashabiki wengine walichoma fulana zenye jina lake, na wakati huo huo fulana hiyo hiyo ikawa inanunuliwa kuliko zote katika ligi. Mwaka huo huo Feyisa Lilesa wa Ethiopia alimaliza wa pili katika marathoni ya Olimpiki kule Rio na kukunja mikono yake juu ya kichwa kama mfungwa, kwa ajili ya watu wake wa Oromo. Aliyekuwa wa kwanza ni nani? Eliud Kipchoge. Mkenya yumo pichani tena! Lilesa aliogopa kurudi kwao mpaka mwaka wa 2018.

Na sisi wenyewe je? Mwaka wa 1974 huko Christchurch, New Zealand, Sang na wenzake walishinda tena dhahabu ya kupokezana vijiti katika Jumuiya ya Madola. Lakini mwaka wa 1976 hawakwenda Olimpiki ya Montreal kutetea dhahabu yao, kwa sababu Kenya ilisusia pamoja na nchi nyingi za Kiafrika, kupinga timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini. Mwaka wa 1980 tukasusia Moscow pia. Nchi nzima ilikataa kusimama jukwaani, na hakuna aliyetuzomea hapa nyumbani. Nilipolisema hili darasani, hata wale wa upande wa mwalimu wa zamu walinyamaza kidogo.

Sang alimwoa Tecla Chemabwai, naye si mtu wa kupita tu. Alikuwa mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki, mwaka wa 1968 kule Mexico, akiwa bado msichana mdogo. Laiti ningekuwa na kurasa zaidi ningemwandika yeye. Wasichana wa chama chetu, kazi hiyo nawaachia ya mwaka ujao.

Julius Sang aliaga dunia mjini Eldoret mwezi wa Aprili 2004, akiwa na umri wa miaka 55. Wayne Collett alifariki mwaka wa 2010. Marufuku ile ya Brundage ilifutwa mwaka wa 2022, miaka 50 kamili baada ya Munich, na katika watu watatu wa picha ile, wawili walikuwa wamekwisha kufa.

Mwalimu wa Historia aliturudurufia picha, na sasa iko kwenye ubao wa matangazo nje ya chumba cha Chama cha Kiswahili, karibu na ratiba. Aliyeibandika ni yule mwenzetu wa mikono mifukoni. Chini ya ngazi ya tatu ameandika kwa kalamu nyekundu: Sang, Kapsabet. Pitieni mkaione kabla mvua haijaiharibu.